Kupeleka Daftari kwa Mchapishaji: Je, Ni Adabu Tu au Ni Haki?

Watu wengi wa Masisi na Walikale wanaandika. Walimu wa shule, makatekista, wauguzi, hata vijana wanaopima madini kule Bisie, wana daftari zao. Mmoja amekusanya hadithi za Kinyanga, mwingine ameandika methali za Kihunde pamoja na maana zake, mwingine ametunga nyimbo, mwingine ameandika habari za kilima cha babu zake. Na kila mmoja, daftari likijaa, huja na swali lile lile: nifanye nini ili lipigwe chapa? Mara nyingi anatazamia apewe anwani tu. Anwani ni jambo jepesi. Lililo gumu ni lile linalofuata anwani: mtu ampelekee mchapishaji daftari lake kwa namna gani, amwambie nini, angoje muda gani, na akikataliwa afanyeje. Wengine hudhani haya ni mambo ya adabu tu, kama kuvua kofia mlangoni. Sisi twaona kwamba ndani yake mna haki, na kwamba asiyeitambua haki hiyo aweza kumdhulumu mtu huku akiwa amevua kofia vizuri kabisa.

Tuanze na barua, maana yenyewe ndiyo inayobisha hodi. Katika barua tulizoonyeshwa na wenzetu, nyingi ni za namna mbili. Namna ya kwanza inalia. Mwandishi aeleza kwamba ana watoto saba, kwamba mshahara wa mwalimu haufiki, kwamba shamba lake limebaki upande wa vita, na kwa hiyo aomba kitabu kichapwe. Mambo hayo ni ya kweli, nasi twayajua. Lakini hayasemi neno lolote juu ya kitabu. Mchapishaji akisoma barua hiyo atamhurumia mtu, pengine atamtumia nauli, wala hatajua kama daftari lina hadithi au hesabu. Namna ya pili inajisifu: kitabu hiki hakijapata kuandikwa mfano wake, kila aliyekisoma ametoa machozi, nanyi mkikikataa mtajuta.

Barua kama hizo hutukumbusha Mwindo. Wanyanga wanamjua, mtoto wa Shemwindo wa kijiji cha Tubondo, aliyezaliwa akitembea na kusema. Popote alipokwenda alijitangaza kwamba hakuna awezaye kushindana naye, na kweli alishinda. Lakini alipomwua Kirimu, lile joka, kumbe Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba, mwenye radi. Nkuba akamchukua Mwindo juu mbinguni, akakaa huko mwaka mzima katika mvua na jua kali hata akajifunza kunyamaza. Mchapishaji hana radi, ila ana kapu la karatasi chini ya meza.

Barua njema ni fupi, ukurasa mmoja watosha. Husema mwandishi ni nani na anakaa wapi, kazi yake ni ya namna gani, ina kurasa ngapi, imeandikwa kwa lugha gani, na nani watakaoisoma. Hilo la mwisho watu wengi hulisahau. Mtu aliyeko Kinshasa au Lubumbashi atajuaje ni nani watakaonunua methali za Kihunde zenye tafsiri ya Kiswahili? Je, ni shule? Je, ni wale wasimamizi wa harusi ambao kazi yao ni kusema mbele ya watu wakati wa kutoa mahari? Je, ni familia zilizohamia Goma, ambazo watoto wao husikia Kihunde lakini hujibu kwa Kiswahili? Ikiwa wewe wajua, mwambie. Habari hiyo ina thamani kuliko sifa kumi. Wala usiandike kwamba umetumwa na Padri fulani, ikiwa Padri huyo hakukutuma.

Tena siku hizi kuna simu. Tumepata kusikia habari za mtu aliyepiga picha kurasa mia na themanini za daftari lake, moja moja, akazituma zote usiku kwenye simu ya mchapishaji, nyingine zimepinduka, nyingine zina kidole gumba chake pembeni. Asubuhi akauliza: "Umezionaje?" Hatutasema zaidi.

Liko jambo la zawadi. Kwetu mtu haendi kwa mkubwa mikono mitupu. Wa Walikale atachukua kidumu cha mawese, wa Masisi atachukua jibini, yale magurudumu ya jibini yanayojulikana hata mbali na Kivu. Desturi hiyo ni njema, nasi hatutaki iondoke. Lakini tutazame wakati. Zawadi inayotolewa baada ya kazi kwisha ni shukrani. Zawadi inayotolewa kabla mtu hajasoma daftari ni kamba shingoni mwake: akilikataa daftari ataonekana amekula jibini bure, akilikubali hatajua mwenyewe kama alipenda hadithi au alipenda jibini. Kwa nini kumtia mtu katika shida hiyo? Mwache asome kwanza. Jibini ya Masisi haiharibiki upesi.

Zawadi isichanganywe na gharama. Katika nchi yetu wachapishaji wengi hawana fedha za kutosha, nao humwomba mwandishi achangie gharama za chapa, au anunue mwenyewe sehemu ya vitabu avitembeze. Hiyo si hongo, maadamu imeandikwa katika mapatano na pande zote mbili zaona hesabu. Lakini yule anayetaja fedha kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, huyo hauzi vitabu, auza karatasi na wino, na mwandishi ajue anachonunua.

Sasa twafika kwenye swali linalogombanisha watu. Je, ni halali kupeleka daftari moja kwa wachapishaji wawili kwa wakati mmoja?

Wako wasemao: huo ni wizi. Kule Bisie, mchimbaji akiuza mfuko mmoja wa kasiterite kwa wanunuzi wawili, kila mtu atamwita mwizi, wala hapahitajiwi mtu aliyesoma falsafa. Wengine wasema: sivyo, kupeleka si kuuza. Mtu apelekaye ng'ombe sokoni humwonyesha kwa watu kumi, wote humshika mgongo na kumtazama meno, na hakuna aliyeibiwa mpaka fedha zitoke. Twaona kwamba pande zote mbili zimeshika kipande cha kweli. Ni kweli kwamba kuonyesha si kuuza. Lakini daftari halitazamwi kama ng'ombe. Ng'ombe hutazamwa dakika chache, na atazamaye hapotezi kitu. Daftari lataka siku nyingi. Yule anayelisoma kwa niaba ya mchapishaji, mara nyingi ni mwalimu au padri aliyekwisha fanya kazi yake ya mchana. Analisoma usiku, anasahihisha, anaandika maoni, anarudia mahali asipoelewa. Hiyo ni kazi ya jasho. Basi mtu anayepeleka daftari kwa wawili kwa siri anafanana na yule anayewaita vibarua wawili walime shamba moja, mmoja upande wa juu na mmoja upande wa bonde, kila mmoja akidhani kazi ni yake, na mwenye shamba ajua tangu asubuhi kwamba atampa ujira mmoja tu.

Kwa hiyo kosa halimo katika hesabu, moja au mbili. Limo katika kuficha. Ukimwandikia mchapishaji, "Daftari hili nimelipeleka pia kwa fulani, nangoja jibu lake," umempa nafasi ya kuamua kama ataanza kulima. Pengine atasema, "Basi ngoja kwanza jibu la huyo." Ni haki yake. Pengine atasema, "Niletee, nitasoma upesi." Hapo hakuna aliyedanganywa. Na siku ile mmoja akikubali, uandike siku ile ile kwa yule wa pili, kabla hata ya kuwapigia ndugu zako simu za furaha. Kibarua aliyeachwa shambani baada ya shamba kuuzwa ana haki ya kukasirika.

Mfano mmoja wa mbali utatusaidia. Mwaka 1944 Mwingereza George Orwell alikuwa amemaliza kitabu kidogo juu ya wanyama walioasi shambani, kile ambacho wasomaji wa Kiswahili walikipata mwaka 1967 kwa tafsiri ya Fortunatus Kawegere, Shamba la Wanyama. Orwell alikuwa amefungwa na mapatano: riwaya zake ampe kwanza mchapishaji Victor Gollancz. Naye alijua wazi kwamba Gollancz hatakipenda, maana kitabu kilimpiga Stalin, na wakati ule Warusi walikuwa wakipigana vita upande mmoja na Waingereza. Je, alipita pembeni? Hapana. Alimwandikia kwanza akimwonya kwamba siasa ya kitabu haitamfaa, kisha akampa nafasi yake. Gollancz akasoma, akakataa. Nyumba ya Jonathan Cape ikakitaka, halafu ikarudi nyuma baada ya kuonywa na mtu wa serikali. Mshairi T. S. Eliot, aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa nyumba ya Faber, naye akakataa, lakini kwa barua iliyosifu uandishi na kueleza sababu. Mwisho Secker & Warburg wakakichapa, Agosti 1945.

Wako wanaoziona sababu za Eliot kuwa dhaifu, nasi hatutamtetea. Tunachotazama ni hiki: mwandishi alisema ukweli uliomdhuru mwenyewe, mchapishaji akajibu kwa maneno yanayoeleweka, na mwandishi akaweza kuondoka na kitabu chake kwenda kubisha mlango mwingine. Ilichukua mwaka na zaidi, lakini hakuna aliyebaki gizani.

Basi vipi kama mwenye nyumba hajibu? Hapa lawama zetu zageuka upande wa pili, maana tumewasema waandishi vya kutosha. Sisi wenyewe tuliwahi kupeleka mkusanyo wa nyimbo kwa nyumba moja tusiyoitaja. Tuliandika mara tatu katika miaka miwili. Hatukupata "ndiyo", hatukupata "hapana", wala hatukujua kama daftari limefika au lilifungiwa karanga sokoni. Hali kama hiyo si uvivu tu. Mwandishi aliyeheshimu neno lake, aliyekataa kwenda kwa mchapishaji mwingine, anafungwa na uaminifu wake mwenyewe, na aliyemfunga amelala. Twauliza: je, ahadi ya upande mmoja hudumu milele?

Desturi ya hodi inajibu. Mtu hubisha hodi mara tatu, akisikia kimya huondoka, na hakuna atakayesema ametoka bila adabu. Kwa maandiko twashauri hivi. Barua ya kwanza uipeleke pamoja na daftari. Baada ya miezi minne hivi uliza kwa upole kama limefika na lini utapata jibu. Baada ya miezi mingine minne uliza tena. Kisha kimya kikizidi, andika barua ya tatu, bila matusi: "Nimengoja tangu siku fulani. Kuanzia leo najiona huru kulipeleka daftari langu mahali pengine." Baada ya hapo u huru kweli, na mchapishaji akiamka mwaka wa tatu na kudai kwamba daftari ni lake, hana haki.

Lakini kungoja nako kuna kipimo chake. Hata kazi iliyoshinda haitoki kesho yake. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya hadithi ya 1957-58 yaliyoendeshwa na Halmashauri ya Vitabu ya Afrika Mashariki, ile iliyoitwa East African Literature Bureau, na kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale, kilitoka mwaka 1960. Ikiwa mshindi alingoja hivyo, sisi tusiolishinda shindano lolote tusipige simu kila Jumatatu.

Na kwetu lazima tuhesabu pia njia na vita. Mapema Januari 2025 M23 waliingia Masisi mjini. Tarehe 27 mwezi huo wakaingia Goma. Tarehe 19 Machi wakafika Walikale mjini, wakatoka mwanzoni mwa Aprili. Katika miezi hiyo watu walikimbia na godoro kichwani, na wale waliokuwa kambini Bulengo na Mugunga wakatawanyika mwezi wa Februari. Nani angemlaumu mwandishi asiyejibu barua, au mchapishaji ambaye barua yake haikupata gari la kuibeba? Miezi ya namna hiyo isihesabiwe katika hodi tatu. Ila yatufundisha jambo moja ambalo twalisema kwa nguvu: usipeleke daftari la pekee. Nakili kwa mkono, piga chapa, piga picha na kuziweka kwa ndugu aliye mbali, fanya uwezavyo. Mchapishaji hana wajibu wa kutunza urithi ambao mwenyewe hukuutunza. Tunawajua watu ambao kazi yao ya miaka kumi ilikuwa katika kaye moja, na kaye ilikuwa katika nyumba iliyoungua.

Juu ya wajibu wa kueleza sababu, hata Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasema jambo ambalo waandishi wachache wanalijua. Kanuni ya 830 yataka mkaguzi wa vitabu aweke kando upendeleo kwa watu na atoe maoni yake kwa maandishi. Na ikiwa mwenye mamlaka hatoi ruhusa, yampasa amjulishe mwandishi sababu za kukataa. Ruhusa hiyo na uamuzi wa kuchapa ni mambo mawili, twajua. Lakini ikiwa Askofu mwenyewe amewekewa wajibu wa kumwambia katekista kwa nini hapana, tungependa kusikia mwenye mashine ya chapa akitueleza kwa nini yeye hana wajibu huo. Hatudai kurasa kumi. Mistari mitatu yatosha: ni refu mno, au si kazi yetu, au Kiswahili chake chataka kusahihishwa.

Mistari mitatu hiyo ina kazi nyingine katika nchi yetu, nayo ni kubwa kuliko adabu. Pasipo sababu, mtu hujitafutia sababu. Na sababu iliyo karibu zaidi, ile isiyohitaji kutafutwa, ni kabila. "Wamekataa kwa kuwa mimi ni Muhunde." "Wamekataa kwa kuwa mimi nasema Kinyarwanda." "Wamekataa kwa kuwa Wanyanga ni wachache, hatuna mtu huko juu." Neno hilo husemwa jioni kwenye pombe, na asubuhi limekwisha kuwa habari. Wazazi wetu waliona moto ulioanza sokoni Ntoto, Machi 1993, ukavuka kutoka Walikale hadi Masisi, na wengi wetu tumezaliwa au kukulia katika moshi wake. Kwa hiyo mwandishi anayesema kwamba amekataliwa kwa ajili ya kabila lake, wala hana ushahidi, hamtukani mchapishaji tu, anaongeza kuni. Pengine ni kweli, kwa maana dhuluma ya namna hiyo ipo. Basi auulize kwanza kwa barua, apate jibu, aonyeshe daftari kwa mtu wa kabila lingine anayejua kuandika na amwulize bila kumung'unya: je, ni zuri? Jibu la huyo linaweza kumwuma kuliko barua ya mchapishaji. Lakini litamsaidia.

Hili latupeleka kwenye wajibu ambao hatujauona katika kitabu chochote cha adabu za waandishi, nao ndio mzito kuliko yote katika wilaya zetu mbili. Mchapishaji wa mbali haoni kila kitu kilichomo katika daftari. Mtu wa Masisi akiandika historia ya ardhi ya Bashali au ya Katoyi, akaeleza nani alifika kwanza na nani alipewa shamba na nani, mchapishaji ataona hadithi ya zamani, tena iliyoandikwa vizuri. Hataona kwamba ukurasa wa arobaini unataja ukoo fulani kama wezi wa kilima, na kwamba ukoo huo unaishi bado kilimani, jirani na mwandishi, na watoto wao wanasoma shule moja. Mwandishi anaona. Je, aweza kunyamaza na kusema, "Ni kazi ya mchapishaji kuchunguza"?

Twajibu: hawezi. Asiyejua hawezi kuchunguza asichojua. Muuzaji wa nyumba anayejua kwamba msingi umepasuka, akanyamaza kwa kuwa mnunuzi hakuuliza, amedanganya kwa kimya. Mwandishi aandike katika barua yake: "Katika sura ya tatu nimeandika mambo yanayobishaniwa. Haya niliyasikia kwa wazee wa upande wangu. Upande wa pili husema hivi na hivi. Nilikwenda kuwauliza, au sikuweza kwenda kwa sababu ya vita." Barua hiyo yaweza kumfanya mchapishaji aogope. Naam, yaweza. Wengine watatuambia kwamba tunamfundisha mwandishi kujikata miguu. Lakini fikirini tena juu ya Orwell na Gollancz. Na tofauti iliyopo yatuelemea sisi zaidi: kitabu cha Orwell kilimwudhi Stalin aliyekuwa mbali, na hicho cha Masisi kitasomwa na jirani. Hatusemi historia isiandikwe. Iandikwe, hata ile chungu. Ila anayeichapa apewe kujua ni kitu gani ameshika mkononi.

Limebaki swali la jina juu ya daftari. Mwaka 1956 huko kwa Wanyanga, mzee She-Karisi Rureke aliimba, akasimulia na kucheza kisa cha Mwindo kwa muda wa siku kumi na mbili, na Mbelgiji Daniel Biebuyck akakiandika. Baadaye Biebuyck alifanya kazi ya kukitengeneza na kukitafsiri pamoja na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga mwenyewe, mtaalamu wa lugha aliyeandika pia sarufi ya Kihunde. Kitabu kilitoka mwaka 1969, kikachapwa na chuo kikuu cha California, kule Marekani. Kinawataja wawili hao kuwa wahariri na watafsiri, wala hakisemi kwamba wao ndio waliotunga. Na ndani yake Rureke anatajwa kwa jina kuwa ndiye aliyesimulia. Watu hubishana kama jina la mzee lingestahili kukaa juu kabisa, mbele ya mengine. Sisi twaona lingestahili. Lakini angalau hakufutwa, na leo mtoto wa Walikale anaweza kujua ni kinywa cha nani kilichotoa maneno yale.

Linganisha na daftari nyingi tunazoziona. Kijana amekaa na bibi mmoja majuma matatu, ameandika hadithi ishirini na mbili, na juu ameweka: "Zimetungwa na" na jina lake mwenyewe. Ukimwuliza, husema hadithi ni za kabila lote, hazina mwenyewe. Haya, ikiwa hazina mwenyewe, wewe umekuwaje mwenyewe? Hadithi ni ya wote, kweli, lakini namna ya kuisimulia ni ya mtu. Bibi yule alichagua maneno, alijua mahali pa kunyamaza, mahali pa kuimba. Kijana alichofanya ni kazi pia, kazi kubwa: kusikiliza, kuandika, kupanga, kutafsiri. Basi kila kazi itajwe kwa jina lake. "Zimesimuliwa na fulani. Zimeandikwa na kutafsiriwa na fulani." Hata mchapishaji hupata faida, kwa kuwa anajua kitu gani anachokinunua, na kwa nani aombe ruhusa. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za waandishi, lakini sheria haifiki jikoni kwa bibi. Atakayefika huko ni kijana mwenyewe, kabla ya kupeleka daftari, amsomee alichoandika na amwulize kama anakubali.

Tena amwulize anataka aitwe nani. Wengine hupenda jina la ubatizo, wengine jina la baba, wengine jina la mtoto wao wa kwanza. Wako pia wanaokataa kabisa kutajwa, kwa woga wa nyakati hizi, na hapo kijana aandike "bibi mmoja wa Walikale" na kumweleza mchapishaji kwa nini.

Kuhusu fedha, wasimuliaji wa karisi hupewa vitu na wasikilizaji papo hapo, shanga, pombe, sarafu. Hakuna anayengoja mwaka. Kitabu kinalipa baada ya muda mrefu, na mara nyingi kidogo sana. Wenzetu wengine humpa mzee kitu siku ile ile ya kusimulia na kuhesabu kwamba deni limekwisha. Wengine huandika katika mapatano na mchapishaji kwamba nusu ya malipo iende kwa mzee au kwa watoto wake. Njia ya pili twaiona kuwa ya haki zaidi, lakini ina shida yake: mzee akifa kabla kitabu hakijatoka, na watoto wake wametawanyika, mmoja Kisangani, mmoja Nyanzale, mmoja hajulikani aliko, fedha hizo chache ashike nani, na kwa muda gani? Wasomaji wa Walikale na Masisi ambao wamekwisha kulikuta jambo hili katika parokia zao, watuandikie walilitatuaje.